Nyumba ya Kumi na Sita

Jumapili, 29 Septemba 2024

Daftari jipya. Nimelinunua la vipimo vya wateja, ila kurasa za nyuma nitaandika mambo yangu. Asisome mtu. Mume wangu Stefano hasomi hata karatasi ya dawa, kwa hiyo upande huo niko salama.

Leo baada ya misa nimechaguliwa katibu wa jumuiya. Eti mwandiko mzuri. Katibu wa zamani kahamia Singida mjini, kaniachia mfuko wa rambo umejaa madaftari yenye vumbi. Nimekubali haraka kabla hawajabadili mawazo. Unyenyekevu — sifuri.

Nadhiri zangu za mwezi wa Rozari: simu inaingia kwenye droo ya cherehani kila saa kumi jioni. Tamthilia — basi. Umbea — nitapunguza. Nimeandika nitapunguza, sikuandika nitaacha. Mungu anaona.

Mwanangu Witness kafika jana kutoka Manyoni, na tumbo lake mbele. Mimba ya kwanza, lazima ajifungulie kwa mama yake, ndivyo tulivyo. Nesi kamwambia tarehe ishirini na nane Oktoba hivi. Mumewe Elisha kanipigia mara tatu leo kuuliza kama amekula. Amekula. Amekula na ugali wangu.

Jioni nimekaa kuandaa ratiba ya sanamu. Kila Oktoba sanamu ya Mama Maria inazunguka nyumba za jumuiya, siku mbili kila nyumba. Aliyekaa nayo anaibeba mwenyewe hadi kwa anayefuata, anamkabidhi mkononi, wanasali rozari, wanakunywa chai. Nimenakili ya mwaka jana: nyumba kumi na tano. Halafu nikahesabu majina ya wanajumuiya — kumi na sita! Nikarudia kwa kidole. Aliyebaki nje ni Bibi Klara.

Nimefungua madaftari yote. Mwaka jana hayumo. 2019 hayumo. 2013 hayumo. Mwaka 2012 yumo, katikati ya mwenyekiti Melkizedeki na Rebeka, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa kujivuna. Baada ya hapo kimya. Sisi tulihamia hapa Mkiwa kutoka Iguguno mwaka 2016, Stefano alipopata kazi ya mashine ya kukamua alizeti. Miaka minane nimetembea nyuma ya ile sanamu nikiimba. Sijawahi kuuliza. Mimi! Ambaye naweza kukwambia sketi ya nani imeongezwa kiuno mara ngapi.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimemwendea mwenyekiti Melkizedeki dukani kwake. Shikamoo, marahaba, habari za upepo. Nikamuuliza kuhusu Bibi Klara. Akapanga sabuni upya zilizokuwa zimepangwa vizuri tu. Akasema nyumba kumi na tano mara siku mbili ni siku thelathini, hesabu imekaa sawa, ukiongeza moja inaharibika. Nikamwambia basi tuondoe yake yeye, hesabu itabaki vile vile. Hakucheka.

Stefano naye: pilipili usiyoila yakuwashia nini. Inaniwasha ndiyo maana nauliza.

Jambo moja limenikaa. Kila mwaka kwenye mavuno Bibi Klara analeta kanisani kiroba cha uwele, amekibeba kichwani mwenyewe. Tunakipokea, tunapiga makofi. Uwele wake tunaula, geti lake tunalizunguka.

Jumatano, 2 Oktoba

Sanamu imeanza safari. Nyumba ya kwanza ilijaa watu, upepo ukazima mshumaa mara nne. Simu ilikaa kwenye droo. Nimeifungua droo mara saba kutafuta uzi. Uzi ulikuwa mezani.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimefanya uchunguzi. Wateja watatu, majibu matatu.

Wa kwanza: Bibi Klara anafuga joka kwenye mtungi. Wa pili: radi ilipiga ng'ombe wa jirani, kwake haikuangusha hata jani. Wa tatu, huyu mama wa harusi mwenye oda yangu ya magauni kumi na manne, alisema tu ni mambo ya zamani, kisha akamgeukia dada yake wakaendelea kwa Kinyaturu. Wanajua mimi Mnyiramba. Nilisikia jina la Klara mara mbili na jina la Rebeka mara moja. Rebeka anaingiaje humo?

Nilikaa na pini mdomoni, nimekaa kama mtu asiyesikia. Kazi ya fundi cherehani ndiyo hiyo.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekwenda kwake! Mchana kweupe, baada ya misa. Nilijitia kumpelekea mabaki ya vitambaa ya kushonea mto.

Nyumba ndogo ya tofali za kuchoma, uwanja umefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Kuku wengi. Nikamwamkia. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akauliza: "Umetumwa au umekuja?"

Nikasema nimekuja. Akasema basi kaa.

Si bibi wa kuonewa huruma, huyu. Ana maneno. Alinisema mkunjo wa gauni langu umekwenda upande, na ni kweli, nililishona mwenyewe usiku umeme umekatika. Mumewe alifariki zamani, watoto wako Dodoma, wanapiga simu. Haumwi chochote ila goti.

Ndani kuna meza ndogo, kitambaa cheupe kimepigwa pasi, mshumaa mzima haujawahi kuwashwa. Nikauliza ni wa nini. Akasema Oktoba imeingia. Kila Oktoba anaandaa. Ikifika Novemba anakunja kitambaa. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza anavyoanika mbaazi.

Nikashindwa kuuliza swali nililokwenda nalo. Jamani, mimi kushindwa kuuliza!

Alinipa karanga za kukaanga kwenye kibakuli. Nikashukuru, nikatia mfukoni, nikasema nitakula njiani. Yeye akaangalia ule mfuko.

Na sasa niandike ukweli, daftari ni langu. Njiani sikula. Nimefika nyumbani nikawatupia kuku, halafu nikasimama pale kuwaangalia. Robo saa nzima. Hawakufa. Walitaka nyingine. Nimetoka kuimba kwaya, nimepokea komunyo asubuhi, mchana nampima bibi wa watu kwa kuku wangu. Nina aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikulala vizuri kwa ajili ya zile karanga. Asubuhi nimerudi kwa Bibi Klara nikamwomba nyingine. Akauliza zile za kwanza zilikuwa na ladha gani. Nikasema kuku walizipenda. Akacheka mpaka akashika goti. Nimekula nimekaa pale pale, mbele yake, kibakuli kizima. Zina chumvi nyingi mno, basi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo kwenye jumuiya nimesoma ratiba ya nusu ya pili. Nimeiandika upya. Tarehe 22, Bibi Klara, kutoka kwa Melkizedeki. Tarehe 24, Rebeka. Zile nyumba mbili za mwisho ni ndugu wanaogawana ukuta, nimewapa siku moja moja. Hesabu imekaa sawa.

Kimya. Kimya kile cha watu wanaosubiri mwingine aanze. Bibi Klara alikuwa kwenye mkeka wa nyuma karibu na mlango, anaangalia rozari yake. Melkizedeki akasafisha koo, akasema katibu ndiye mwenye ratiba. Hakukataa! Wala hakukubali. Baada ya sala watu wakaondoka haraka, chai ikabaki birika zima.

Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele. Ilikuwa rahisi hivyo tu?

Jumatatu, 14 Oktoba

Rebeka amekuja, na kitenge mkononi. Anataka kipunguzwe upindo. Upindo ulikuwa sawa. Akakaa, akaulizia Witness anaendeleaje, akaulizia tena. Mwishowe akasema ana udhuru tarehe 24, anaomba nimsogeze mbele. Udhuru gani? Udhuru tu. Mikono yake ilikuwa inakunja kitenge na kukikunjua.

Nikasema hakuna shida mama, tarehe 24 nachukua mimi, wewe chukua yangu ya 26. Nikafuta na kuandika palepale. Akaniangalia, halafu akamwangalia Witness aliyekuwa anapita na ndoo, akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda na kusahau kitenge.

Ajabu. Lakini nimefurahi. Mimi nitapokea kutoka kwa Bibi Klara. Nimeshajiona nimesimama getini na kilemba cheupe. Hata wimbo nimeshauchagua.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimejua.

Mama wa harusi alikuja kujaribu gauni. Nilikuwa nampima mgongo, hakuniona uso. Akasema amesikia nimejipanga mimi baada ya Klara. Akasema mwanangu, wewe mgeni hapa, hukuambiwa, na una mjamzito ndani. Kisha akaniambia.

Mwaka 2012 Rebeka alikuwa na mimba ya miezi minane. Bibi Klara akaja na sanamu saa kumi na moja jioni, wakasali, wakanywa chai. Alfajiri Rebeka akashikwa na uchungu. Mtoto akatoka amekufa. Wa kike. Tangu siku hiyo hakuna anayekubali kupokea kitu kutoka mkono wa Klara, hasa mwenye mimba. Nikasema mbona ni maneno ya watu tu. Akanijibu lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Akasema pia, kwa upole kabisa, kwamba nikipokea ile sanamu ataomba vitambaa vyake vyote. Bibi harusi hawezi kuvaa nguo zilizolala nyumba hiyo.

Kumbe si kwenda kwa Klara wanakoogopa. Ni kuwa anayefuata. Na anayefuata ni mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku nzima sijashona mstari ulionyooka. Nimetoa simu kwenye droo, nimeangalia tamthilia vipande vitano mfululizo. Sikumbuki hata kimoja.

Ijumaa, 18 Oktoba

Stefano kashasikia, mashineni kwao wanasikia kila kitu. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alinawa mafuta mikononi muda mrefu, akasema Witness arudi Manyoni siku ya Jumatano tarehe 23, ajifungulie huko, sanamu ije ikute nyumba haina mjamzito. Nikamuuliza, kwani wewe unaamini? Akasema haamini. Lakini mtoto ni mmoja.

Hilo ndilo linalonimaliza. Hata mimi siamini. Siamini kabisa! Na nimeshamtafuta wakala wa basi.

Tumeshapanga na cha kumwambia Witness. Tutasema kliniki ya Manyoni wanataka wamwone. Uongo mdogo, wa heri. Nimeuandika hapa nione unavyofanana ukiwa kwenye karatasi. Haupendezi.

Nimejaribu rozari peke yangu. Nilifika Salamu Maria ya nne nikajikuta nahesabu: nikimwondoa mwanangu, Bibi Klara ataambiwa nini? Hataambiwa. Ataona. Alivyouona ule mfuko wa karanga.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimempelekea Rebeka kitenge chake. Mumewe hayupo, tukakaa jikoni. Sikuzunguka. Nikamwambia nimeambiwa yote, nataka kusikia kwako, ilikuwaje?

Alichochea moto mpaka maji ya ugali yakachemka. Akayaepua, hakutia unga. Akaanza kusema taratibu. Wiki mbili kabla ya siku ile nesi alimpima, presha ilikuwa juu sana, miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Nesi akamwandikia karatasi, aende hospitali ya mjini siku hiyo hiyo, alazwe. Hakwenda. Kwa sababu gani? Kwa sababu Oktoba ilikuwa imeingia na zamu yake ya sanamu inakaribia, ya kwanza tangu aolewe. Alitaka kupaka nyumba chokaa. Alitaka mama mkwe aone. Karatasi ya nesi aliiweka chini ya godoro, na baada ya msiba akaichoma jikoni, kwenye mafiga haya haya.

"Mimi sikusema ni Bibi Klara," akasema. "Walisema wao. Lakini na mimi sikusema siyo yeye."

Miaka kumi na miwili! Nikamuuliza kwa nini. Akasema kama si Klara, ingekuwa yeye. Mumewe angejua. Mama mkwe angejua. Kila akitaka kusema, alikuta imeshakuwa ngumu kuliko jana.

Nilikuja nimekasirika, nimejiandaa. Hasira sikuiona tena. Mimi nimeshapanga uongo wangu na wakala wa basi, tofauti yetu ni nini? Tulilia wote wawili kama watoto. Moshi ulisaidia. Hakuniahidi kitu, wala sikumwomba.

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi na mapema nimemkokota Witness kituo cha afya. Presha sawa, mtoto kageuka vizuri, kichwa chini. Nesi kasema dalili yoyote tusingoje, twende. Nimefunga mfuko kabisa: vitenge vitano, nguo za mtoto, wembe mpya, kadi. Umekaa mlangoni.

Halafu nikamwambia Witness kila kitu. Ya Rebeka sikusema, si yangu. Lakini ya basi nimesema, na ya uongo wetu. Alikuwa kwenye simu, kama kawaida. Akaiweka chini. Anajua kila kitu! Ameshatumiwa na watu watatu kwenye grupu za akina mama watarajiwa. Alikuwa anasubiri aone nitafanyaje.

Akaniuliza: "Mama, wewe unaogopa uchawi au unaogopa watu?"

Nimekaa nalo tangu saa sita. Uchawi nadhani siogopi. Naogopa kuwa mama aliyeonywa akapuuza. Naogopa siku ya msiba, wale wanawake watakaokaa kwenye mkeka wangu wakisema tulimwambia. Mtoto hajazaliwa nami nimeshapanga maneno ya watu kwenye matanga yake. Mwe! Ni dini gani hiyo?

Witness kasema haendi Manyoni. Barabara ile, na kiuno hiki? Basi. Sababu yake ilikuwa kiuno tu, wala hakutafuta nyingine.

Stefano nimemwambia. Ametoka kwenda kukaza mnyororo wa baiskeli ambao haujalegea.

Jumanne, 22 Oktoba

Sanamu imeingia kwa Bibi Klara. Niandike yote.

Kutoka kwa Melkizedeki tulitoka watu kumi na tisa. Kila kona wanapungua. Huyu kakumbuka mbuzi, yule kiatu kimekatika. Tulipofika getini tulikuwa sita. Melkizedeki ndiye aliyebeba, jasho linamtiririka na upepo wote ule. Alisimama kwenye mstari wa geti kama pameandikwa mpaka. Nilidhani ataniita niipokee sanamu. Hapana. Akavuka. Sijui aliomba nini kimoyomoyo, ila alivuka.

Bibi Klara alitakiwa kusema yale maneno tunayosema, Karibu Mama, nyumba ni yako. Ameyasahau! Miaka kumi na miwili. Alishika sanamu kwa mikono miwili, akasema, "Umekawia." Kisha akaanza kumgombeza Melkizedeki kwamba mshumaa unashikwa upande wa upepo.

Tulisali matendo ya uchungu. Kwenye tendo la tatu nikasikia hatua uani. Rebeka. Alisimama mlangoni kwanza, halafu akaingia akapiga magoti pembeni ya Bibi Klara, karibu kabisa, mabega yanagusana. Bibi hakugeuka. Alisogea kidogo kumpa mkeka.

Chai ilinywewa yote leo. Ilikuwa na tangawizi ya kuchoma koo.

Wakati tunaondoka nilimwona Rebeka amebaki nyuma. Nilitaka sana kusikia. Sana! Nimeondoka. Hiyo nadhani ndiyo sadaka kubwa niliyotoa mwezi huu.

Jumatano, 23 Oktoba

Mama wa harusi amechukua vitambaa vyake. Magauni tisa yalikuwa tayari, akayachukua na hayo.

Ee Mungu, imani sina. Nina ratiba tu. Kesho saa kumi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Saa kumi na mbili jioni. Niko kwenye benchi la kituo cha afya. Daftari nililitia kwenye mfuko wa Witness asubuhi, sijui hata kwa nini. Nitaandika kwa mpangilio, mkono upate kazi.

Tangu saa saba Witness alikuwa anasema kiuno. Tukasema ni uchovu. Saa tisa na nusu akashika nguzo ya kibaraza akanyamaza, na Witness akinyamaza kuna jambo. Nikampigia dereva wa bajaji. Akasema yuko njia panda, anashusha abiria, anakuja. Stefano alikuwa mashineni, simu yake haisikiki kwa ule mngurumo.

Na wimbo ukaanza kusikika. Wanakuja.

Watu walikuwa wengi! Zaidi ya ishirini. Si kwa ibada wote, nawajua, wengine walikuja kuona. Mbele Bibi Klara na sanamu, goti linamsumbua, anatembea taratibu. Kando yake Rebeka na mshumaa. Kadiri wimbo ulivyokaribia uchungu nao ukabana. Hapo ndipo lile wazo lilipokuja. Niandike: nilisema moyoni, ni yeye. Baada ya yote ninayoyajua! Baada ya karanga, baada ya jikoni kwa Rebeka. Lilikuja lenyewe, likakaa kwa muda wa pumzi mbili au tatu.

Bibi Klara alifika getini, akamwona Witness amejikunja kwenye nguzo. Wimbo ukafa. Alirudi hatua nyuma, akaninyooshea sanamu kutoka nje.

"Chukua, mama," akasema. "Mimi nirudi. Wasije wakasema."

Nilimwangalia Melkizedeki. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Niliona simu mbili zimeinuliwa. Nikaona jinsi ilivyo rahisi: napokea, yeye anaondoka, kila mtu salama. Na likitokea la kutokea, wana pa kuliweka. Wote tuna pa kuliweka.

Rebeka akasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Akasema mimba yangu ya mwaka ule ilikuwa presha, nesi aliniambia na sikwenda, Bibi hakunifanya kitu, mpelekeni huyo mtoto sasa hivi. Mshumaa mkononi. Mama mkwe wake alikuwa watu watatu nyuma yake. Sijui nyumbani kwake sasa hivi pakoje.

Bajaji ikafika hapo hapo. Tukampandisha Witness. Nikageuka, Bibi Klara bado amesimama nje ya geti, mikono bado imenyooka na sanamu, hakuna aliyeipokea. Nikasema, "Bibi, panda."

"Na hii?"

"Panda nayo."

Basi tumekuja hivyo. Witness katikati, ananivunja vidole. Bibi upande ule, sanamu mapajani, kanga yake ameizungushia isipigwe na vumbi. Nyuma nilisikia wachache wameanza tena kuimba, wengine wameshageuka kwenda kwao. Kabla hatujafika lami, habari ilikuwa imeshafika Manyoni. Elisha alipiga kabla sijampigia.

Wamempima. Presha imepanda. Kidogo, kasema nesi, lakini hapendi ilivyopanda haraka, na wameshapiga simu mjini kuuliza gari la wagonjwa endapo litahitajika. Jumatatu ilikuwa sawa! Nilimwonyesha kadi. Akasema hutokea.

Stefano kafika na mafuta mpaka kwenye nyusi. Alimwona Bibi Klara kwenye benchi. Akasema shikamoo, akaenda kusimama nje karibu na tenki la maji, mgongo kwetu.

Bibi aliniambia nikitaka aondoke niseme sasa, hatakasirika, amezoea. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema aache kusumbua, asogee nipate kukaa. Amesogea. Tumesali makumi mawili, la tatu nikachanganya, akanisahihisha kwa ukali.

Ndani nilikuwa namsikia Witness. Sasa simsikii. Kuna miguu inakwenda haraka, na mtu anaburuta kitu cha magurudumu.

Nesi kafungua mlango. Kauliza ndugu wa Witness ni nani, halafu kaitwa ndani kabla hajasema lingine, mlango ukafungwa. Mimi na Bibi tulikuwa tumeshasimama, wote wawili. Hatujakaa.